Vikao vya Naguib Mahfouz na Riwaya ya Kairo

Jiji la Kairo lilikuwa na mikahawa karne nne kabla ya riwaya kupata wasomaji ndani yake. Kahawa iliingia huko kutoka Yemen mwanzoni mwa karne ya 16, ikiletwa na wafuasi wa tarika za Kisufi walioinywa ili waweze kukesha katika dhikri, na haikuchukua muda ikatoka katika zawia na kuenea masokoni, ambako watu waliinywa huku wakizungumza mambo yasiyohusu ibada. Watawala waliutilia shaka utaratibu huo tangu mapema. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Kha'ir Beg, alipiga marufuku kinywaji hicho, na sehemu kubwa ya hofu yake ilitokana na mikusanyiko ya wanywaji kuliko buni yenyewe. Mikahawa ilidumu hata hivyo, na kwa vizazi vingi mwenye sauti kuu ndani yake alikuwa mtambaji, yaani msimulizi wa tendi aliyekaa juu ya jukwaa dogo na kupiga rababa, ala ya uzi mmoja au miwili inayopigwa kwa upinde, huku akitamba habari za Antar na za Abu Zayd al-Hilali mbele ya wasikilizaji waliojua kisa chote na bado wakabishana nacho. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyekulia karibu na baraza ambako kahawa chungu na mjadala havitengani, hatapata tabu kuuelewa ulimwengu huo.

Naguib Mahfouz, aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1911 katika mtaa wa Gamaliya, ndani ya Kairo ya kale, aliirithi desturi hiyo wakati ilipokuwa ikibadilika. Riwaya yake ya Zuqaq al-Midaqq, yaani Uchochoro wa Midaqq, iliyotoka mwaka 1947, inaanza na mtambaji mzee anayefukuzwa na mwenye mkahawa kwa sababu wateja sasa wanataka redio. Tukio hilo husomwa mara nyingi kama maombolezo ya sanaa inayokufa, lakini lina maana nyingine ambayo ni muhimu zaidi kwa historia inayoelezwa hapa. Mtambaji alipoondoka, kiti chake hakikubaki kitupu. Walikikalia watu waliosoma vyuoni, makarani wa serikali, wachoraji, waongozaji wa filamu na washairi, ambao badala ya kutamba utendi mmoja walijadili vitabu vya wenzao, filamu za juma lile na habari za dunia. Na Mahfouz, kwa zaidi ya miaka 60, alikuwa kiini cha vikao vya namna hiyo. Riwaya zake haziwezi kueleweka vizuri kama mazungumzo hayo yatahesabiwa kuwa burudani ya baada ya kazi, kwa maana yalikuwa karakana yake.

Karakana hiyo ilikuwa na ratiba kali. Mahfouz alihitimu falsafa katika chuo kikuu cha Kairo mwaka 1934, akaingia utumishi wa serikali mwaka huohuo, na hakuuacha hadi alipostaafu mwaka 1971. Kwa muda mrefu alikuwa karani katika Wizara ya Wakfu, inayosimamia mali zilizowekwa kwa ajili ya misikiti na sadaka. Mchana ulikuwa wa ofisi, saa za jioni zilikuwa za kuandika, na maradhi ya macho yaliyomrudia kila majira ya joto yalimlazimu kuiweka kalamu chini kwa miezi kadhaa ya mwaka. Marafiki walipewa siku zao zinazojulikana, hasa Alhamisi usiku na Ijumaa, na alizishika siku hizo kwa uaminifu uleule alioushika kwa meza yake ya kazi.

Ni vema kutofautisha aina mbili za vikao hivyo, kwani historia zao ni tofauti. Aina ya kwanza ni nadwa, yaani kikao cha wazi cha fasihi ambacho yeyote mwenye hamu angeweza kukihudhuria. Ya pili ni shilla, kundi la marafiki wachache wasiobadilika, ambao mgeni hawezi kujipenyeza kati yao bila kuletwa na mmoja wao.

Shilla mashuhuri kuliko zote ilijiita Harafish, jina la makabwela wa Kairo katika zama za Wamamluki, ambalo mwigizaji Ahmed Mazhar alilichagua kwa ajili ya kundi lao. Mazhar alikuwa ofisa wa kikosi cha farasi kabla ya kuwa nyota wa sinema, na mwaka 1963 aliigiza nafasi ya Salahuddin katika filamu ya Youssef Chahine. Pamoja naye alikuwepo Adel Kamel, mwanariwaya ambaye vijana wa miaka ya 1940 walimtazamia makubwa, lakini aliyeiacha fasihi na kushika uwakili. Muhammad Afifi, mwandishi wa makala za kuchekesha. Tawfiq Saleh, mwongozaji wa filamu. Na Salah Jahin, ambaye alikuwa mshairi wa lahaja ya Kimisri, mchora vibonzo na mtunzi wa nyimbo kwa wakati mmoja. Orodha hiyo inaonesha jambo ambalo wanahistoria wa fasihi hulipita haraka mno: katika mzunguko wa karibu zaidi wa mwanariwaya mkubwa wa Kiarabu, wanariwaya walikuwa wachache. Kila Alhamisi alikaa na watu waliofikiri kwa picha, kwa mwendo wa mwili wa mwigizaji, kwa mstari wa kalamu ya mchoraji na kwa kichekesho kinachoanguka mahali pake.

Mahfouz mwenyewe alikuwa na njaa ya sanaa nyingine tangu ujana. Alijiunga kwa muda na taasisi ya muziki wa Kiarabu ili ajifunze kanuni, ala ya nyuzi nyingi ambayo, kwa mujibu wa mapokeo ya Unguja, ilifika visiwani baada ya Sultani Barghash kumtuma mwanamuziki Kairo akajifunze, na ambayo hadi leo ni roho ya taarabu. Hakuwa mpiga kanuni, ila wimbo ulibaki kila mahali katika riwaya zake. Uchoraji nao ulipata nafasi yake. Kitabu chake al-Maraya, yaani Vioo, mkusanyiko wa taswira 55 za watu uliotoka kama kitabu mwaka 1972, kilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida kikiambatana na picha za Seif Wanli, mchoraji wa Aleksandria, kiasi kwamba msomaji wa kwanza aliziona nyuso kabla ya kusoma habari zao.

Sinema ndiyo iliyozaa matunda mengi zaidi, nayo ilimfikia Mahfouz kupitia urafiki. Mwongozaji Salah Abu Seif, aliyeona katika riwaya za karani huyo uwezo wa kupanga matukio, alimfundisha kuandika mswada wa filamu, yaani kukigawa kisa katika maonesho yatakayopigwa picha moja baada ya jingine. Miongoni mwa kazi zao za mwanzo ni filamu kuhusu Antar na Abla iliyotoka mwaka 1948, na hapo mtu hawezi kukosa kuona kwamba shujaa aliyefukuzwa mkahawani pamoja na rababa alirudi kupitia kwenye pazia la sinema, akiletwa na mwandishi yuleyule aliyeeleza kufukuzwa kwake. Baadaye walitengeneza Raya wa Sakina mwaka 1953, kuhusu wanawake wauaji wa Aleksandria, na al-Futuwwa mwaka 1957, kuhusu ukiritimba katika soko la mboga la Kairo. Tawfiq Saleh wa Harafish naye alianza safari yake ya uongozaji mwaka 1955 kwa Darb al-Mahabil, filamu aliyoiandika pamoja na Mahfouz kuhusu tiketi ya bahati nasibu inayouvuruga mtaa wa maskini.

Kazi hiyo ya sinema ilijaza pengo la ajabu. Mahfouz alimaliza kuandika riwaya yake ndefu ya sehemu tatu, inayojulikana kama Utatu wa Kairo, mwaka 1952, miezi michache kabla ya maofisa wa jeshi kuuangusha ufalme, kisha akanyamaza kama mwanariwaya kwa miaka kadhaa. Jamii aliyokuwa akiikosoa ilikuwa imekwisha, na ile mpya ilikuwa haijamwonesha sura yake. Katika kipindi hicho miswada ya filamu ndiyo iliyouweka mkono wake kazini, na aliporudi kwenye riwaya alirudi na mtindo mwingine. Al-Liss wa al-Kilab, yaani Mwizi na Mbwa, ya mwaka 1961, ni fupi, inakwenda mbio, inakata kutoka tukio hadi tukio na kuuacha ufafanuzi mrefu wa nyumba na samani uliotawala katika Utatu. Wahakiki wengi wanautafuta mzizi wa mabadiliko hayo katika riwaya za Ulaya alizozisoma, na hawakosei. Lakini mtu aliyekuwa ameandikia waongozaji kwa zaidi ya miaka kumi, akawa anakesha nao kila Alhamisi, hakuhitaji kwenda mbali ili ajifunze kukata. Alikuwa pia na kanuni moja aliyoifuata kwa uthabiti, kwamba hakugeuza riwaya zake mwenyewe kuwa filamu. Kazi hiyo aliwaachia wengine, na ndiyo maana Ahmed Mazhar aliigiza mwaka 1966 katika al-Qahira 30, filamu ya Abu Seif iliyotokana na riwaya ya rafiki yake.

Historia ya nadwa, kikao cha wazi, ni ya misukosuko zaidi. Kuanzia miaka ya 1940 Mahfouz alikutana na waandishi kila Ijumaa asubuhi katika Kasino Opera. Neno kasino katika matumizi ya Misri humaanisha mkahawa mkubwa, wala si nyumba ya kamari. Vijana walileta hadithi zao, vitabu vipya vilijadiliwa, na mwenyeji alisikiliza zaidi ya alivyosema. Serikali ya Gamal Abdel Nasser haikuweza kuamini kwamba watu wangekusanyika kila juma kwa ajili ya vitabu tu. Polisi walianza kukifuatilia kikao hicho, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikavunjika. Kilihamia baadaye Café Riche, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1908 karibu na uwanja unaoitwa leo Talaat Harb, ambako kizazi cha waandishi wa miaka ya 1960, akiwemo Gamal al-Ghitani, kilimpata kama mwalimu asiyedai kuitwa mwalimu. Hofu ya watawala wa Makka ya mwaka 1511 ilikuwa imebadilisha sare tu.

Mahfouz aliijibu hali hiyo kwa riwaya ambazo mkutano wa marafiki ndio umbo lake lenyewe. Tharthara fawq al-Nil, yaani Porojo juu ya Nile, ya mwaka 1966, imewekwa ndani ya nyumba inayoelea mtoni ambako mwigizaji, wakili, mhakiki, mwandishi na karani hukutana kila usiku kuvuta hashishi na kusema mambo wasiyothubutu kuyasema mchana. Jemadari Abdel Hakim Amer aliikasirikia, na Waziri wa Utamaduni, Tharwat Okasha, ndiye aliyeitetea. Al-Karnak, ya mwaka 1974, inasimuliwa kutoka kiti cha mteja wa mkahawa anayeona vijana wanatoweka kwenye meza zao, kisha wanarudi kutoka magereza ya siri wakiwa wamevunjika. Katika riwaya ya kwanza kati ya hizo mbili yumo mwandishi wa habari wa kike anayeingia katika kundi hilo la marafiki akiwa na daftari la kuwachunguza. Jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu Harafish halisi walikuwa wanaume watupu. Desturi iliyosifiwa kwa uhuru wake wa mawazo iliufunga mlango kwa nusu ya jiji, na ni sifa ya Mahfouz kwamba riwaya yake iliufungua pale ambapo kikao chenyewe kilishindwa.

Miaka ya baadaye ilileta sehemu nyingine: ghorofa ya waandishi katika jengo la gazeti la al-Ahram, na Aleksandria wakati wa joto, ambako Tawfiq al-Hakim, baba wa tamthilia ya Kiarabu, alikuwa na barza yake katika mkahawa wa Petrou. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1988 haikuibadilisha ratiba. Mabinti zake wawili ndio waliokwenda Stockholm kuipokea. Mwaka huohuo ilitoka riwaya yake ya mwisho, Qushtumur, ambayo kwa hakika ni wasifu wa meza moja ya mkahawa katika mtaa wa Abbasiya, na wa marafiki waliozeeka kuizunguka.

Uaminifu huo kwa saa na siku nusura umgharimu maisha. Tarehe 14 Oktoba 1994, siku ya Ijumaa, alipokuwa ameketi ndani ya gari la rafiki aliyemfuata nyumbani ampeleke kikaoni, kijana mmoja mwenye msimamo mkali alimchoma kisu shingoni kwa sababu ya Awlad Haratina, riwaya iliyokuwa imepingwa na wanazuoni wa al-Azhar tangu ilipochapishwa kwa mfululizo gazetini mwaka 1959. Alipona, lakini mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia iliharibika, na mtu aliyeishi kwa kuandika akawa hawezi kushika kalamu. Macho na masikio nayo yalikuwa yamedhoofika. Daktari wa magonjwa ya akili Yahya al-Rakhawi, pamoja na marafiki wengine, walimrudishia kilichobaki. Walipanga vikao vya jioni katika hoteli na katika mashua zilizotia nanga mtoni, wakamsomea magazeti, na wakapaza sauti karibu na sikio lake ili asipitwe na kichekesho wala mabishano. Mazungumzo, ambayo zamani yaliilisha kalamu, sasa yalishika nafasi yake, kwani hata safu yake katika al-Ahram ilitokana na maongezi ya kila juma na mwandishi Mohamed Salmawy. Mkono ulipoanza kutii tena, taratibu na kwa mazoezi, aliandika vipande vifupi vya ndoto ambavyo vingine havizidi aya moja.

Mahfouz alifariki tarehe 30 Agosti 2006 akiwa na umri wa miaka 94, na tangu hapo yanayojulikana kuhusu vikao hivyo yanategemea sana walioketi pembeni wakaandika, hasa al-Ghitani katika al-Majalis al-Mahfuziyya na al-Rakhawi katika kumbukumbu zake. Maandishi hayo ni hazina, ingawa yana upungufu unaoeleweka: yanahifadhi zaidi maneno ya mshindi wa Nobel kuliko ya wenzake. Wakili aliyeacha riwaya, mchekeshaji na mchora vibonzo wanaonekana ndani yake kama watu wanaouliza ili Mahfouz ajibu, wakati riwaya zenyewe, kuanzia Tharthara hadi Qushtumur, zinathibitisha kwamba katika vikao hivyo yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji.