Programu Hame na Majina ya Vilivyomo

Zipo ofisi ambazo hadi leo orodha zao zote zimo ndani ya Access ya 2003, na humo ndimo karani kijana anamojifunzia kuunda hifadhidata. Programu hiyo tuiiteje? Wengi husema chakavu. Neno hilo ni la mkeka na kandambili, vitu vinavyolika kwa kutumiwa, programu hailiki. Kuukuu nalo lina harufu ya nguo. Kongwe linaheshimu kupita kiasi, maana mkongwe huombwa ushauri. Kilichotokea ni kwamba Microsoft waliacha kuitunza tarehe 8 Aprili 2014. Kiswahili kina neno la mahali palipohamwa na wenyewe huku kuta zingali zimesimama: hame. Napendekeza programu hame. Anayebaki humo ana paa, ila likivuja hana fundi wa kumwita.

Kanzidata au hifadhidata? Kanzi ni hazina, na katika Kiarabu chake hasa ni ile iliyofichwa ardhini. Inapendeza masikioni, lakini data hatuifukii. Twaiweka ili tuirudie kila asubuhi. Mimi niko upande wa hifadhidata.

Jedwali halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye safu. Msikitini safu hulala, gazetini safu husimama, na watu wakajaribu kupatanisha kwa safu mlalo na safu wima. Mzigo wa bure! Kinacholala kiwe mstari, kinachosimama kiwe safu, basi.

Kwenye ufunguo ndipo pa kukaa kidogo. Fungua jedwali la Wanachama la chama cha ushirika cha kahawa: kila mstari una namba isiyofanana na nyingine. Tumezoea kuiita ufunguo wa msingi. Lakini kazi ya ufunguo ni kufungua, na namba hii haifungui chochote. Inamtambulisha Neema wa Kibosho asichanganywe na Neema wa Machame. Neno la kazi hiyo tunatembea nalo mfukoni: kitambulisho.

Sasa fungua jedwali la Malipo. Namba ileile imo tena, safari hii ikijirudia kila mara mwanachama alipolipwa. Huku huitwa ufunguo wa kigeni, na mwanafunzi hudhani umetoka ng'ambo. Namba hiyo imetoka jedwali jingine tu, na kazi yake ni kumrejesha msomaji huko. Iitwe kitambulisho rejea. Jina hilo linaeleza hata kwa nini Access, uhusiano wa majedwali ukishalindwa, hukataa kumfuta mwanachama mwenye malipo: mistari ya malipo yake ingekosa pa kurejea.

Kwa query, yaani swali tunaloiuliza hifadhidata, ulizo ni neno fupi, la kwetu tangu zamani. Hoji lina ukali wa kituo cha polisi. Ila ulizo lisibebeshwe yote. Yale yanayofuta, kubadili au kuongeza mistari, Access huyawekea alama ya mshangao kwenye picha yake ndogo, kwa sababu hayaulizi, yanatenda. Hayo tuyaite maagizo. Karani akisoma "agizo la kufuta" atauondoa mkono kwenye kipanya, asome tena.

Access ya 2003 haichagui lugha ya majina unayoyapa majedwali, lakini ukinyamaza itakupa Table1 na Query1. Usinyamaze. Andika Wanachama, andika Malipo, na ulizo lako liite WasiolipwaMsimuHuu. Siku ofisi itakapopata programu mpya, majedwali hayo yatahamishiwa huko na majina yake. Na mwenye neno linalolizidi hame kwa uzito, alilete tulipime.