Mwarobaini na Historia ya Kutuliza Uvimbe

Mwarobaini tuliouzoea uani si mti wa asili wa pwani yetu. Kwao ni Bara Hindi na Burma, na inaelekea waliotuletea ni wahamiaji wa Kihindi wa karne ya 19. Mti ulikuja na matumizi yake. Kule India mgonjwa wa ndui alitandikiwa majani mabichi kitandani; huku kwetu pwani mtoto mwenye tetekuwanga huogeshwa maji yaliyochemshiwa majani hayo, machungu kama shubiri, ili mwasho upoe na vipele vinywee.

Wanakemia walifika baadaye. Mwaka 1942, Salimuzzaman Siddiqui, akiwa bado India kabla ya kuhamia Pakistan, alitenga kemikali iitwayo nimbini kutoka kwenye mafuta ya mbegu. Jani nalo lilipata zamu yake mwaka 1967, pale Ekong wa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, alipoeleza muundo wa nimbolaidi, kemikali iliyomo ndani yake. Jina la Ekong lastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa, maana Waafrika huonyeshwa humo kama watumiaji tu. Miaka mingi baadaye maabara zilibaini kwamba nimbolaidi huizuia NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe mwilini.

Dawa za kutuliza uvimbe hupimwaje? Njia iliyoenea tangu 1962 ni hii: panya hupewa dondoo la majani, kisha hudungwa kiasi kidogo cha karajinani, dutu ya kuvimbisha, chini ya unyayo wa mguu wa nyuma. Mguu huvimba, ukawa mwekundu na wa moto. Mtafiti huupima kila baada ya muda kwa saa kadhaa, akilinganisha na panya wasiopewa dondoo. Karajinani hiyo hutoka kwenye mwani, ndio huohuo wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, maji yakitoka.

Dondoo la mwarobaini limefaulu mara nyingi katika majaribio ya namna hiyo, na matokeo hayo nayaheshimu. Ila panya haugui tetekuwanga, na majani yaliyoloweshwa kwenye spiriti maabarani hutoa kemikali ambazo maji ya moto hayazitoi. Kufaulu kwa dondoo hakujathibitisha maji ya kuogea. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, ndiyo ya kukabidhiwa kazi hiyo pamoja na fedha zake: kuyapima maji yaleyale, kwa wagonjwa wenyewe, kwa kipimo kinachojulikana.

Wakati tukisubiri, msomaji, tenganisha jani na mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliodhurika vibaya, wengine wakafa, baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Usimnyweshe mtoto mafuta hayo hata tone, na mama mjamzito asinywe mwarobaini wa aina yoyote.