Kiashiria cha Damu, na Tatizo la Neno "Kutabiri"

Mgonjwa wa sirosisi hutolewa damu, kisha hurudishiwa karatasi yenye majina magumu na tarakimu pembeni: bilirubini, albumini, kreatinini. Vitabu vya tiba vina neno moja la kuyaita yote hayo. Kiswahili bado kina mengi: alama, vidokezo, dalili za damu, viashiria. Kazi ya vipimo hivyo nayo huelezwa kuwa ni "kutabiri" kama mgonjwa ataishi. Maneno haya yanastahili kupimwa moja moja, kwa sababu majibu ya maabara hubaki kwenye faili, ila neno aliloambiwa mgonjwa huenda nalo nyumbani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1819 daktari Mfaransa René Laennec aliupa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya manjano iliyofifia kuelekea kahawia, kwa kuwa ndiyo rangi aliyoiona kwenye maini ya maiti. Sisi tumelipokea kwa umbo la sirosisi. Mitaani watu husema ini limesinyaa, na hawakosei, maana ini lililougua muda mrefu mara nyingi hupungua na kukakamaa. Hata hivyo, mwanzoni laweza kuwa limevimba. Kinachokuwapo tangu mwanzo hadi mwisho ni makovu. Virusi vya homa ya ini aina ya B au C, pombe, au mafuta yaliyorundikana huumiza seli miaka nenda miaka rudi. Kovu huchukua nafasi ya nyama hai, na nyama inayosalia hujikunja vinundu vinundu. Kwa hiyo vitabuni tuandike sirosisi, na kando ya kitanda tuseme ini limejaa makovu.

Sasa neno la pili. Dalili tunaijua: macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, mtu kuanza kuchanganyikiwa. Mgonjwa huihisi au jirani huiona. Bilirubini iliyopanda kidogo haionwi na yeyote mpaka ipimwe, kwa hiyo kuiita dalili kunafuta mpaka ambao lugha imekwisha kuuchora. Alama nayo ina kazi nyingine, kwani ndiyo tunayohesabia mtihani na mchezo, na tutaihitaji muda si mrefu. Kiashiria ndilo neno linalofaa. Limetokana na kuashiria, yaani kutoa ishara, na msomaji wa magazeti analijua kutoka viashiria vya uchumi na viashiria vya uvunjifu wa amani. Aashiriaye huonyesha upande. Safari yenyewe haijaisha.

Viashiria hivi huashiria nini? Bilirubini ni taka ya manjano itokanayo na chembe nyekundu zilizozeeka. Ini lenye nguvu huisafisha na kuitoa kwa njia ya nyongo. Likichoka, taka hubaki ndani ya damu. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, nayo huzuia maji yasivuje kutoka mishipani, hivyo ikishuka, miguu na tumbo hujaa. Muda wa damu kuganda hurefuka kwa sababu protini za kugandisha zatoka humohumo kwenye ini. Kreatinini husema habari za figo, ambazo huelemewa ini linaposhindwa, na sodiamu hushuka mwili unapohifadhi maji kupita kiasi.

Mwaka 1964 madaktari Child na Turcotte wa Marekani waliwapanga wagonjwa katika madaraja A, B na C, na mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London wakauboresha mpango huo. Humo bilirubini, albumini na muda wa damu kuganda huunganishwa na maji ya tumboni na kuchanganyikiwa. Kisha mwaka 2000 ikaja hesabu iitwayo MELD, iliyotegemea bilirubini, kreatinini na muda wa kuganda. Marekani iliichukua mwaka 2002 ili kupanga nani atangulie kupandikizwa ini. Hapa ndipo neno alama linapopata kiti chake: viashiria hupimwa, alama hujumlishwa, kutoka 6 hadi 40. Sodiamu iliongezwa baadaye, na mwaka 2023 zikafuata albumini na jinsia, kwa kuwa mwili wenye misuli michache hutoa kreatinini kidogo, na wanawake wengi walikuwa wakionekana wazima kuliko walivyo.

Je, alama hizo hutabiri? Uchunguzi wa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,400 waliokuwa wakingoja ini. Kati ya waliokuwa na alama chini ya 9, wasiofika 2 kwa kila 100 walifariki ndani ya miezi mitatu. Kwa wenye 40 walifariki takribani 71. Tofauti ni kubwa mno, na daktari hana ruhusa ya kuipuuza. Lakini hesabu hiyo ni ya kundi. Haimtaji yeyote kati ya wale 71, wala yeyote kati ya 29 ambao hawakufariki.

Kutabiri, katika masikio ya Mswahili, ni kazi ya mpiga ramli na nabii. Kinachotabiriwa humwangukia mtu kwa jina lake. Kubashiri, lililotoka kwenye bishara, leo limehamia kwenye mikeka ya mpira. Linalobaki ni kukadiria. Mjenzi hukadiria saruji, mkulima hukadiria mavuno, na wote wawili hukadiria upya hali ikibadilika. Ndivyo ilivyo kwa ini: mwenye homa ya ini B akianza dawa za kufubaza virusi, au mnywaji akiacha pombe, bilirubini yaweza kushuka na albumini kupanda.

Makadirio pia yana mipaka yake. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huziba mishipa ya ini huku seli zake zikiendelea na kazi. Viashiria vya damu vyaweza kupendeza, na mgonjwa yuleyule akatapika damu usiku.

Istilahi ninayoipendekeza ni ndefu kidogo: viashiria vya damu vya kukadiria uwezekano wa kuendelea kuishi. Urefu wake una faida, maana kila neno linazuia kosa fulani. Daktari akiielewa istilahi hii vizuri, ataweza kumwambia mgonjwa wake: "Mama, viashiria vya damu yako vinaonyesha ini limechoka sana. Wengi wenye alama kama zako hali yao huwa mbaya ndani ya miezi michache, kwa hiyo tuanze tiba leo, na wiki ijayo tupime tena." Mama huyo ameambiwa ukweli wote, na hapo kwenye "tupime tena" ameachiwa nafasi ambayo utabiri usingempa.