Barua Ambazo Hatukuziomba

Ndugu msomaji, kabla hujaifuta ile barua ya mjane wa jenerali iliyoingia kwenye simu yako asubuhi, hebu vuta kiti kwanza. Nataka nikusimulie ukoo wake. Hata taka zina ukoo, asikwambie mtu.

Babu wa ukoo huu ni bwana mmoja aitwaye Gary Thuerk, aliyekuwa mtu wa masoko katika kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani. Mwanzoni mwa Mei 1978 alikuwa na kazi ya kutangaza kompyuta mpya za aina ya DECSYSTEM-20. Enzi hizo intaneti hii tunayoijua haikuwepo. Kulikuwa na ARPANET, mtandao uliogharamiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, na watumiaji wake walikuwa wachache kiasi kwamba anwani zao zilichapwa kwenye kitabu, kama namba za simu. Thuerk akajiuliza, tabu yote ya nini kumwandikia kila mtu barua yake? Yeye na mwenzake wakakichukua kile kitabu, wakachagua anwani karibu 400 za pwani ya magharibi, wakaziweka zote kwenye barua moja. Zilikuwa nyingi mno. Nafasi ya wapokeaji ikajaa, zilizobaki zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Walioifungua walikuta msururu mrefu wa anwani za watu wengine, na chini yake, kwa herufi kubwa tupu, mwaliko wa kwenda kuiona kompyuta Los Angeles na San Mateo.

Watu waliwaka! Ofisi ya jeshi iliyosimamia mtandao ikatoa karipio kwamba huko ni kuvunja kanuni, kwa kuwa mtandao ule ulikuwa wa shughuli rasmi za serikali. Lakini Thuerk mwenyewe amesimulia miaka ya baadaye kwamba tangazo lile liliwaingizia mauzo ya mamilioni ya dola. Hapo ndipo penye kiini cha mkasa wote, msomaji. Karibu wote walichukia, wachache wakanunua, na wale wachache wakatosha.

Jina lenyewe la spam lilikuja kwa njia ya kuchekesha. Spam ni nyama ya kopo ya kampuni ya Hormel, iliyoanza kuuzwa mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, walitunga igizo la mgahawa ambamo kila chakula kina nyama hiyo, utake usitake, na kundi la maharamia linaimba jina lake mpaka wateja hawasikilizani tena. Vijana wa mitandaoni walilichukua neno hilo kumwitia mtu anayepayuka mpaka wenzake washindwe kuzungumza. Sisi tunasema barua taka. Si neno baya, ila halina ule ucheshi.

Sasa njoo mwaka 1994. Tarehe 12 Aprili mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walisambaza tangazo moja kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Kikundi cha wapenda paka kilipata, cha wanahisabati kilipata, kila mtu alipata. Na unajua walikuwa wanatangaza nini? Bahati nasibu ya Green Card. Ndiyo, ile ile ambayo kwa miaka mingi vijana wa Dar, Nairobi na Bujumbura wamepanga foleni intaneti kafe kuijaza, picha ya pasipoti mkononi na roho juu. Mawakili wale walitaka walipwe kwa kumjazia mtu fomu, ingawa kushiriki wakati huo kulikuwa bure. Wakatia na chumvi kwamba huenda bahati nasibu ile ndiyo ya mwisho. Wapi! Iliendelea kwa miongo kadhaa.

Waliokasirika waliwarudishia majibu mengi hata mitambo ya kampuni iliyowapa mtandao ikaelemewa. Wao hawakuomba radhi. Waliandika kitabu cha kufundisha wengine namna ya kutajirika kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1997 Canter alinyang'anywa leseni ya uwakili huko Tennessee, na matangazo yale yalikuwa miongoni mwa sababu. Too late, angesema mshikaji wangu mmoja, mbegu ilishamwagwa.

Kwa nini ilimea upesi hivyo? Gharama. Barua ya posta anayelipa stempu ni mwandikaji. Barua pepe imegeuza mambo: kutuma moja au laki moja ni karibu sawa, na anayelipa ni mpokeaji, kwa muda wake na kwa pesa yake. Mjomba wangu husimulia enzi za kafe za Kariakoo, ulipokuwa unalipia dakika. Unakaa, ukurasa unafunguka kwa mwendo wa konokono, dakika 10 zimekatika, na kilichoshuka ni matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Barua ya mdogo wako aliyeko Muscat iko chini kabisa, na hela imekwisha.

Ila taka zinazonivutia mimi ni zile za hadithi. Mjane, sanduku la dola, benki, siri, haraka. Watu huzipa jina la 419, namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu, halafu wanadhani Wanaijeria ndio walioubuni. Si kweli. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipokea barua za posta kutoka kwa tajiri eti amefungwa Hispania: nisaidie fedha nitoke, nitakugawia hazina niliyoificha. Mfungwa amekuwa mjane, hazina imekuwa akaunti ya benki. Hadithi ni ile ile.

Nami kama mtu anayejifunza kutunga, nilikuwa nazidharau hadithi hizo. Utunzi mbovu, nilisema, nani ataamini? Mpaka nikakuta hoja ya mtafiti mmoja wa Microsoft, Cormac Herley, aliyoichapisha mwaka 2012. Anasema ubovu ule una faida kwa tapeli. Kutuma ni rahisi, kazi kubwa ni kubembelezana na wanaojibu. Kwa hiyo hadithi inafanywa ya ajabu ili wajanja wacheke wapite, abaki yule atakayeamini mpaka mwisho. Nilinyamaza kidogo. Sisi tunahangaika kumpata kila msomaji, kumbe kuna mtunzi anayewafukuza wote isipokuwa mmoja.

Huku kwetu hadithi imefupishwa mpaka mstari mmoja wa meseji: ile hela itume kwenye namba hii. Haina mjane wala jenerali. Inatumwa kwa watu wengi, na mmoja wao, siku hiyo hiyo, alikuwa kweli anataka kumtumia mwenye nyumba kodi. Kwa ufundi, hiyo nampa alama zote.

Sheria zilitungwa, Marekani ilipitisha yake mwaka 2003. Januari 2004 Bill Gates alitabiri kwamba baada ya miaka miwili tatizo litakuwa limekwisha. Novemba 2008 kampuni moja ya California, McColo, ilikatiwa mtandao, na barua taka za dunia nzima zikapungua zaidi ya nusu, kwa muda tu. Kilichosaidia hasa ni chujio. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza njia ya kuifundisha kompyuta kuhesabu maneno: neno hili huonekana zaidi kwenye taka, lile kwenye barua za kweli, jumlisha, amua. Matapeli nao wakajibu kwa kuficha ndani ya matangazo yao vipande vya riwaya za kale, ili barua ionekane ya mtu msomi. Fikiria hilo: fasihi imegeuzwa kanzu ya kumfichia mwizi.

Lakini chujio nalo hukosea, na hapa naomba uniruhusu niseme langu. Mwaka jana nilituma hadithi fupi kwa mhariri mmoja. Ilihusu ndugu wanaogombania akaunti ya benki ya marehemu, nami nikaiita "Urithi wa Marehemu". Nikangoja. Wiki sita, kimya. Nikajiambia nimekataliwa, nikaiweka kalamu chini, nikaenda kumsaidia kaka kuuza vipuri. Siku moja natafuta risiti, nikafungua sanduku la taka kwa bahati mbaya. Jibu lilikuwa limelala humo siku 23, kati ya mjane na dawa ya kunenepesha. Ameipenda, anataka nirekebishe mwisho, nimrudishie ndani ya siku 14.

Nilimwandikia usiku ule ule. Akanijibu kwa upole kwamba nafasi imeshajazwa, nimtumie nyingine. Nimetuma, na safari hii jina halina urithi wala marehemu. Kila jioni naanza na sanduku la taka. Jana zilikuwamo 17, nikazisoma zote.