Faili ya Akili Ilivyoingia Kwenye Kompyuta Kisumu kwa Kadi ya Kuazima

Mjomba wangu ana daftari la hospitali la kurasa 32, lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ni daftari lake la nne. La kwanza lilijaa. La pili alilisahau kwenye matatu ya Kondele. La tatu lilikuwa mfukoni mwa koti siku mtumbwi ulipoingia maji karibu na Dunga, na wino wa miaka sita ukageuka doa moja la buluu.

"Mzee, kitabu kiko wapi?" muuguzi alimwuliza alipofika kliniki.

"Kimezama, daktari."

Muuguzi alicheka, kisha kicheko kikakatika. Humo ndimo ilimokuwa dozi ya sindano yake ya kila mwezi, jina la dawa iliyomtetemesha mikono hadi ikaondolewa, na mwaka alioanza kusikia sauti. Ikabidi mama yangu, ambaye ni dada yake, asimulie yote upya, na foleni nzima ikisikiliza.

Hatua kama ishirini kutoka pale, ndani ya ua uleule, kuna kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Huko mtu hutaja namba yake na karani akafungua kwenye kompyuta kila uzito aliowahi kupimwa na kila dawa aliyowahi kumeza. Nimekaa kwenye benchi la kliniki ya mjomba mara nyingi nikijiuliza kwa nini upande mmoja wa ua una kompyuta na upande wa pili una daftari la shule. Jibu lake ni historia ndefu, na haianzii Kisumu.

Kwa miongo mingi, mgonjwa wa akili wa kando ya Ziwa Victoria, kama alikuwa na faili kabisa, faili hiyo ilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Mathari, hospitali ya akili ya huko, ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kutenga wagonjwa wa ndui, na jina lake la kwanza halikumficha mtu: nyumba ya wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na J. C. Carothers, daktari wa kawaida wa serikali aliyekabidhiwa hospitali hiyo kabla hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi uliotokana na wagonjwa waliolazwa Mathari, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Katika maandishi yake alifika mahali pa kumlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Kwa hiyo watu wanaponiambia kwamba faili ya hospitali ni karatasi tu, haina ubaya wala uzuri, huwa nawakumbusha zile za Mathari na kazi zilizofanyishwa.

Kisumu ilipata hospitali kubwa ya mkoa miaka ya sitini kwa msaada wa Wasovieti, na hadi leo wenyeji huiita Russia. Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969, akarushiana maneno na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, jukwaani, na walinzi wakaufyatulia umati risasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka sasa. Hospitali hiyo leo inabeba jina la Jaramogi. Mji unaoujua uchungu wa watu wasioandikwa popote, nadhani, hauhitaji kufundishwa kazi ya rekodi.

Kompyuta ya kwanza katika habari hii iliwashwa Februari 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, njiani ukitoka Eldoret kwenda Kapsabet. Waliohusika ni Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakiwemo Joseph Rotich, William Tierney na daktari kutoka Australia, Terry Hannan. Programu yenyewe ilikuwa ya kawaida sana, imejengwa kwa Microsoft Access. Tabibu aliendelea kuandika kwa kalamu kwenye fomu. Makarani ndio waliomsajili mgonjwa akiingia na kuingiza fomu yake kwenye mashine akitoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalikuwa ya kushangaza: muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, kusubiri kukapungua kwa asilimia 38, na muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa ukashuka kwa asilimia 58.

Nilipoisoma takwimu hiyo ya mwisho mara ya kwanza niliishangilia. Siku hizi naisoma nikimfikiria mjomba. Kwa malaria, dakika chache na daktari ni nafuu kwa kila mtu. Kwa mtu anayesikia sauti, dakika hizo ndizo matibabu.

Mizizi ya programu ya Mosoriot ilikuwa Indianapolis, katika Taasisi ya Regenstrief, ambako mfumo wa rekodi za kompyuta ulianza mwaka 1972 na wagonjwa 35 wa kisukari. Kisukari ni ugonjwa wa vipimo: sukari kiasi gani, shinikizo la damu kiasi gani, miadi lini. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Regenstrief, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret wakaikuta programu ya Access ikilemewa na wimbi la wagonjwa wa Ukimwi wa mpango wa AMPATH. Wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, wakaanzisha OpenMRS, programu ya bure ambayo yeyote angeweza kuichukua na kuirekebisha. Ilianza kazi Eldoret Februari 2006.

Kiini cha OpenMRS ni kamusi yake ya dhana. Kila kitu kinachoweza kumpata mgonjwa hupewa namba: kikohozi kina yake, uzito una yake, jibu la "ndiyo" lina yake. Kisicho na namba kinaweza kuandikwa pembeni kama maelezo, lakini mashine haiwezi kukihesabu, na wizarani kisichohesabika hakiombewi bajeti.

Kando ya ziwa ndiko virusi vilikokuwa vimekita kambi, na fedha za Marekani zikafuata virusi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya watu wazima wanaishi na virusi. Homa Bay ilikuwa 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Mfumo wa AMPATH ukashuka kutoka Eldoret hadi Chulaimbo, karibu na Maseno, na hadi Port Victoria, ambako washauri walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vya mkononi. Mjini Kisumu, mpango wa FACES wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ulipeleka OpenMRS kwenye kituo cha Lumumba. Kijiji cha Sauri, Siaya, kilichokuwa kwenye mradi wa Vijiji vya Milenia, nacho kikaitumia, na kamusi ile ya dhana ikanenepa ikihudumia vijiji hivyo. Kila mfadhili alikuja na programu yake au fundi wake. Wizara ya Afya ilipotoa viwango vya taifa vya rekodi za kompyuta mwaka 2010, ilikuwa inajaribu kupanga soko ambalo tayari lilikuwa limefurika. Mwaka 2012 ikaja KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS na shirika la I-TECH la Chuo Kikuu cha Washington, na katika miaka miwili hivi ikawa imefungwa katika vituo zaidi ya 300, vingi vikiwa upande huu wa nchi.

Magonjwa ya akili yaliingia humo kwa kuazima kadi ya ugonjwa mwingine.

Mwaka 2001, mwaka uleule wa Mosoriot, jarida moja la Marekani lilichapisha ushahidi kwamba maswali tisa mafupi yanaweza kupima sonona. Huitwa PHQ-9. Mwandishi wa kwanza, Kurt Kroenke, alikuwa anafanya kazi Regenstrief, nyumba ileile iliyotuletea programu. Mwaka 2009 maswali hayo yalijaribiwa kwa wagonjwa 347 wa virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya, yakaonekana kufaa. Miongozo ya Wizara ya mwaka 2016 ikaagiza kila anayeishi na virusi achunguzwe sonona kabla ya kuanza dawa, kisha kila mwaka. Nayo KenyaEMR ikapata fomu ya maswali tisa.

Iangalie fomu hiyo kwa karibu. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita, na majibu ni manne: hapana kabisa ni sifuri, karibu kila siku ni tatu. Jumla haiwezi kuzidi 27. Ukifika 10 unahesabiwa kuwa na sonona ya wastani. Ukifika 20 ni kali. Swali la tisa linauliza ni mara ngapi umeona afadhali ufe, au ujidhuru. Sasa mtie mama anayechuuza samaki soko la Kibuye mbele ya muuguzi mwenye wagonjwa arobaini nyuma ya mlango. Mama anasema kwa Kijaluo kwamba ana paro mang'eny, mawazo mengi: omena haijauzwa, mume hajarudi kutoka kisiwani, mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Muuguzi anatafuta kiboksi. Mawazo mengi hayana kiboksi, usingizi unacho. Anaweka mbili, anaendelea na swali linalofuata. Mwishoni kompyuta inajumlisha yenyewe na kuandika 11. Mume, kisiwa na karo vimebaki nje.

Lakini sitaidharau hiyo 11. Kabla yake hapakuwa na kitu. Kwa mara ya kwanza hali ya roho ya mwanamke wa Kibuye ilikaa mahali pamoja na uzito wake, na aliyempokea mwaka uliofuata aliweza kuiona. Mtu wa ugonjwa wa akili peke yake, asiye na virusi, hakuipata bahati hiyo. Kwa miaka mingi, katika fomu ya MOH 705 ambayo vituo hutumia kuripoti wagonjwa wa nje, magonjwa ya akili yamekuwa mstari mmoja: sonona, kichaa, ulevi uliokomaa, vyote kwenye kapu hilohilo. Na si kwamba wagonjwa ni wachache. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Maseno mwaka 2004 ulikuta asilimia 10.8 ya watu wazima wana matatizo ya kawaida ya akili, yaani mmoja kati ya kumi. Jawabu la matibabu nalo lipo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwafuata wanawake 256 wa Kisumu wanaoishi na virusi na waliopitia ukatili wa kijinsia. Waliotibiwa kwa mazungumzo na wahudumu wasio wataalamu wa akili walipata nafuu ya wazi. Hata hao walipatikana kupitia kliniki ya virusi.

Sababu nyingine ya faili za akili kubaki nyembamba ni hofu. Kwa Kijaluo ukishaitwa janeko, utazikwa na jina hilo. Na kwa muda mrefu sheria yenyewe ilikuwa upande wa hofu: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Muuguzi mwenye huruma, akijua alichokiandika kinaweza kusomwa na polisi, angeandika nini? "Alikunywa dawa ya ng'ombe kwa bahati mbaya." Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitaja habari za afya kuwa siri za kulindwa sana, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanampa mgonjwa haki ya usiri wake. Hayo ni mazuri, ila nenosiri la kompyuta ya kliniki likibandikwa ukutani kwa seloteipu, nalo nimeliona kwa macho yangu, sheria inabaki maktabani.

Siku kumi na moja baada ya hukumu ile, tarehe 20 Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kando ya ziwa makarani wengi wa data walikuwa wakilipwa na fedha hizo. Wakarudi nyumbani. Mashine zilibaki mezani na programu ndani yake, kwa kuwa OpenMRS ni ya bure na hakuna awezaye kuidai. Mshahara wa mtu wa kuingiza fomu ndio haukuwa wa bure, na hilo halikuwahi kuandikwa kwenye bajeti zetu kwa ukubwa uliostahili. Hapo lawama naiweka kwetu, si Washington: miaka ishirini ilitosha kwa kaunti kuajiri makarani.

Kazi ya kuipanua KenyaEMR ihudumie wagonjwa wote wa nje imeanza, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka kila mtu awe na rekodi inayomfuata aendako. Kaunti za ziwa zikianza, nashauri zianzie kwa wagonjwa wa akili, maana ndio wanaoanza upya kila daftari linapopotea, na ndio wasioweza kujisimulia siku wanapozidiwa. Fomu yao iachwe na nafasi pana ya maneno.

Mpaka hapo, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna daftari kama la mjomba wangu, lifungeni kwenye nailoni, na kila mkirudi kliniki mpige picha ukurasa mpya kwa simu. Picha hizo ziwekeni kwenye simu mbili tofauti, na mmoja wa wenye simu hizo asiwe mtu wa kuingia ziwani.