Honi Inayolia Yenyewe

Honi inayolia yenyewe ni hitilafu ya umeme wa gari ambapo honi hupiga bila dereva kuibonyeza, tena wakati mwingine gari likiwa limeegeshwa na ufunguo uko mfukoni. Katika magari mengi honi hupata umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri bila kupitia swichi ya ufunguo. Ikipiga kwa vipindi huku taa za indiketa zikimwekamweka, hicho ni king'ora cha wizi, na uchunguzi wake ni mwingine.

Chanzo kinaeleweka ukijua saketi ilivyofungwa. Chanya hufika kwenye rilei saa zote. Kitufe cha usukani hakileti umeme. Huunganisha waya mwembamba wa rilei na bodi ya gari, ambayo ndiyo hasi. Rilei ikivuta, honi hulia. Kwa hiyo waya huo ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi haiungui kama ambavyo ingeungua kwenye waya wa taa. Mguso huo hufanya kazi ileile ya kidole cha dereva, na ndiyo maana wengi huhangaika na fyuzi isiyo na kosa.

Kwanza honi inyamazishwe, maana koili yake huungua ikilia mfululizo. Fyuzi yake ichomolewe. Isipoonekana haraka, kifunguliwe kichwa cha hasi cha betri, ambacho kwenye magari mengi ya Kijapani hutaka spana namba 10.

Rilei ndiyo inayoonyesha kosa liko upande gani. Fyuzi irudishwe, rilei itolewe. Honi ikiendelea kulia, waya unaotoka kwenye rilei kwenda kwenye honi umegusana na wenye chanya. Pakaguliwe hasa mahali palipofungwa taa za ziada kwa kusokota nyaya na kuzizungushia utepe. Ikinyamaza, ijaribiwe rilei nyingine ya namba ileile. Ikitulia, ile ya kwanza ilikuwa imeganda: ukiipasua utakuta pointi zake nyeusi, zimeshikana.

Ikilia tena, kosa liko upande wa usukani. Huenda kifuniko cha plastiki kimejikunja kwa jua na kubana kitufe, au umechubuka ule utepe wa nyaya uliojiviringa nyuma ya usukani. Utepe ukiwa mbovu, honi huweza kulia usukani unapokatwa upande mmoja, na taa ya mfuko wa hewa ikawaka kwenye dashibodi. Kabla ya kufungua hapo ni lazima hasi ya betri itolewe. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90. Soketi za manjano ni za mfuko wa hewa, wala zisipimwe kwa taa ya majaribio, kwani mfuko unaweza kufyatuka usoni mwa fundi.