Daftari la Ziwa: Jinsi Victoria Ilivyohesabiwa, Ikasahauliwa, Ikahesabiwa Tena

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watu walilia juu ya reli, ndege na meli. Mali ziligombewa na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Kulikuwa na hasara nyingine ambayo wachache waliitaja. Mjini Jinja, pale Mto Naili unapoagana na Ziwa Victoria, lilikuwapo shirika la utafiti wa samaki lililomilikiwa na nchi zote tatu, likiwa na vituo Kisumu na Mwanza. Nalo lilivunjika pamoja na Jumuiya iliyolilea.

Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979. Tanzania ikaunda ya kwake, TAFIRI, mwaka 1980. Uganda ikabaki na maabara ya Jinja, katika nchi iliyokuwa ikitoka kwenye utawala wa Idi Amin na kuingia vitani. Samaki waliendelea kuogelea kutoka ghuba hadi ghuba kama kawaida yao, ila waliokuwa wakiwahesabu hawakuwa tena na meza moja ya kukalia.

Na miaka hiyohiyo, chini ya maji, yalikuwa yakitokea mageuzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya ziwa hilo. Sangara, samaki aliyeletwa kutoka nje, alikuwa akiwameza wenyeji wake. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya uvuvi wa Victoria ni historia ya daftari hilo: lilivyofunguliwa, lilivyofungwa, na gharama tuliyolipa ili kulifungua tena.

Inchi tano

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kabla yake, wavuvi wa kandokando ya ziwa walitegemea migono, ndoano na mitego ya matete, na walichovua kililiwa au kubadilishwa palepale pwani ya ziwa. Reli ilileta walaji wapya wa mbali. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu anapojaribu kupita. Aliyetafutwa hasa alikuwa ngege, samaki wa jamii ya sato mwenye nyama tamu. Mwanzoni wavu mmoja uliotegwa usiku katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo tunaiita Ghuba ya Winam, uliweza kutoa ngege 50 hadi 100. Miaka ya 1920 ilipokaribia kwisha, idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 10.

Hofu iliyotokana na kushuka huko ndiyo iliyomleta Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza. Kati ya mwaka 1927 na 1928 alilizunguka ziwa, akipima samaki na kulinganisha nyavu, huku akisaidiwa na kijana Barton Worthington. Ni yeye aliyempa ngege jina lake la kisayansi, esculenta, neno la Kilatini lenye maana ya kinachofaa kuliwa. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929, na ukiondoa mengine yote, aliomba mambo mawili. La kwanza: jicho la wavu lisipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. La pili: ziwa zima liwe na mamlaka moja ya kulisimamia na kukusanya takwimu zake.

Ombi la kwanza lilikubaliwa haraka, na mwaka 1933 inchi 5 ikawa sheria. Lilikuwa jambo rahisi, kwa kuwa mzigo wake ulimwangukia mvuvi ambaye hakuulizwa. Ombi la pili liliwagusa wakubwa, kwa sababu lilitaka kila serikali iachie kipande cha madaraka yake. Likangoja. Idara ya pamoja ya uvuvi wa Ziwa Victoria ilianza mwaka 1947, na katika kipindi hichohicho maabara ya Jinja ikafunguliwa chini ya Robert Beauchamp. Humo ndimo Rosemary Lowe, mmoja wa watafiti wakubwa wa samaki wa maji baridi katika karne iliyopita, alimochunguza sato na ndugu zake.

Jicho la wavu lapungua

Daftari la pamoja halikukaa wazi muda mrefu. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea, zikiwa nyepesi na zenye kudumu kuliko za nyuzi za zamani. Ngege wakubwa walikuwa wameadimika, na mvuvi mwenye watoto wa kulisha aliona heri wavu wa macho madogo kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu. Serikali zilishindwa kusimamia sheria yao. Mwaka 1956 Uganda na Tanganyika zikaifuta inchi 5. Kenya ikaishikilia hadi mwaka 1961.

Fikiria maana yake. Kwa miaka mitano wavu uliokuwa haramu upande mmoja ulikuwa halali upande wa pili, na ngege ni yuleyule. Hakuna mvuvi wa Kenya ambaye angekubali kwa moyo mweupe kumwachia mwenzake wa ng'ambo samaki aliyekatazwa yeye. Katikati ya mvutano huo, mwaka 1960, idara ya pamoja ilivunjwa. Ngege, aliyekuwa mhimili wa uvuvi wa ziwa, akapungua hadi akawa samaki wa kusimuliwa.

Kosa la pili lilitendwa kimyakimya. Maofisa wa uvuvi wa kikoloni waliwatazama furu, samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani kwa mamia ya aina, wakawaona ni takataka. Wakasema apandikizwe mla samaki mkubwa ili awageuze furu kuwa minofu ya kuuzwa. Geoffrey Fryer, mtafiti wa Jinja, alipinga kwa maandishi mwaka 1960, akieleza hatari ya kumwingiza samaki wa aina hiyo katika ziwa hili. Alikuwa amechelewa. Tangu mwaka 1954 sangara walikuwa wamekwisha kutiwa majini kwa siri upande wa Uganda. Mwaka 1962 na 1963 wakatiwa hadharani, Uganda na Kenya.

Hapo ndipo uchungu wa hadithi hii ulipo. Ndoo chache za samaki zilimwagwa katika kona chache za ziwa, na uamuzi huo ukawa wa nchi tatu na wa vizazi vyote vitakavyofuata.

Ukurasa wa mwisho

Kabla ya kuvunjika, shirika la Jinja lilifanya kazi moja ambayo hadi leo hatuwezi kuisahau. Kati ya mwaka 1969 na 1971, meli ya utafiti iitwayo Ibis iliburuta wavu chini ya ziwa katika maji ya nchi zote tatu. Matokeo yalionyesha kwamba katika kila kilo 10 za samaki waliokaa chini, takriban kilo 8 zilikuwa za furu. Ilikuwa picha ya ziwa zima kabla ya dhoruba, na leo kila anayetaka kujua tulichopoteza hurudi kwenye ukurasa huo.

Dhoruba ilianzia upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, ikafika Uganda, kisha ikatua Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mwanzoni kila upande uliona kipande chake tu. Mwanza, watafiti wa Uholanzi kutoka Leiden, akiwamo Frans Witte, walikuwa wameanza mwaka 1977 kuzitambua aina za furu wakishirikiana na Watanzania. Waliishia kushuhudia aina hizo zikitoweka mbele ya macho yao. Inakadiriwa kwamba kati ya aina zaidi ya 500, karibu 200 zilipotea.

Sidai kwamba ofisi moja ingemzuia sangara. Alikuwa amekwisha kuingia. Ninachosema ni kwamba kile Kisumu ilichokiona mwaka 1980 kingeweza kuwa somo la Mwanza, nayo Mwanza ingekuwa na miaka kadhaa ya kujiandaa. Badala yake, tuliingia katika mabadiliko hayo kama watu watatu waliofumbwa macho ndani ya chumba kimoja.

Tuwe wakweli pia: sangara alileta fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu, Jinja na kwingineko, na samaki wakapakiwa ndege kwenda Ulaya. Nyumba za bati na ada za shule za watoto wengi zilitoka katika minofu hiyo. Ila uchumi wa nchi tatu ulikuwa umeegemea samaki ambao hakuna aliyejua wamebaki wangapi.

Kurudi Kisumu

Katika miaka ya 1980, chini ya mwavuli wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wataalamu wa nchi tatu walianza tena kuketi pamoja, hata kabla viongozi wao hawajaifufua Jumuiya. Tarehe 30 Juni 1994, mjini Kisumu, serikali tatu zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, linalojulikana kwa herufi LVFO. Makao yake yakawekwa Jinja. Ombi la pili la Graham lilikuwa limepata jibu la kudumu zaidi, miaka 65 baada ya ripoti yake.

Soko likaongeza somo lake. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa: kwa hofu ya vijidudu, kwa hofu ya kipindupindu, na baadaye kwa sababu ya waliovua kwa sumu. Wachache walimwaga sumu, na mialo mizima ikalala njaa. Nchi zilizokuwa zikishindana kuuza zililazimika kuboresha ukaguzi na kuoanisha viwango, kwa sababu mnunuzi wa mbali aliwaona wote kama ziwa moja kabla wao wenyewe hawajajiona hivyo.

Mwaka 2000 ikafanyika sensa ya kwanza ya uvuvi ya ziwa lote kwa mtindo mmoja. Walihesabiwa wavuvi wapatao 129,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamepita 200,000. Samaki nao walianza kuhesabiwa kwa mwangwi. Meli ya Victoria Explorer na nyinginezo hupita katika njia zilizopangwa zikituma sauti chini ya maji, na mwangwi unaorudi hueleza kuna samaki kiasi gani. Kinachorudisha mwangwi kwa nguvu zaidi ni bondo, kile kibofu cha hewa tumboni mwa samaki ambacho leo wafanyabiashara wanakigombania kwa bei kubwa ili kukipeleka Asia. Bondo lilelile linalomtamanisha mlanguzi ndilo linalomwambia mtafiti kama kesho kutakuwa na sangara.

Mwangwi huo ulisema wazi: katika muongo wa kwanza wa karne hii sangara walipungua sana, huku dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, wakichukua nafasi kubwa. Ndiyo maana nchi tatu zilikubaliana kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe.

Kisiwa na rula

Makubaliano kwenye karatasi hayakuzima tamaa. Mwaka 2008 na 2009 Kenya na Uganda nusura zikosane juu ya Migingo, mwamba mdogo uliojaa mabati, kwa sababu ya sangara walio katika maji yanayouzunguka. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017. Tanzania ikafanya Operesheni Sangara mwaka 2018. Nyavu haramu nyingi zilichomwa, na wavuvi wengi waliumia. Nguvu inaweza kumwondoa mtu na kokoro lake leo. Kumfanya asirudi nalo kesho kunahitaji aamini kwamba mwenzake wa ng'ambo naye amebanwa na kipimo hichohicho.

Kwa hiyo tumaini langu kubwa liko kwenye vikundi vya usimamizi wa mialo, vijulikanavyo kama BMU, ambapo mvuvi, mchuuzi na mmiliki wa mtumbwi wanashiriki kuandika kilichoshushwa mwaloni. Mwaka 1933 mvuvi aliletewa sheria. Leo anaweza kuwa mwandishi wa daftari lenyewe, akipewa kalamu na akisikilizwa anapoleta hesabu yake. Tangu mwaka 2016 mkataba wa LVFO umepanuliwa uhusu maji ya nchi zote wanachama wa Jumuiya, na somo la Victoria sasa linaweza kuwafaa wavuvi wa maziwa mengine.

Bado jambo moja linanitia hofu. Kwa miaka mingi safari za kuhesabu samaki zimetegemea sana fedha za wafadhili, na mradi unapokwisha, meli hufunga nanga. Tunajua kilichotokea mara ya mwisho daftari hili lilipofungwa. Bajeti za Dodoma, Nairobi na Kampala ziwe na fungu la mafuta ya meli ya utafiti, lililoandikwa kwa kalamu yetu wenyewe, ili hesabu ijayo isimsubiri mgeni.